Usimpite Nasima

Siku ile maji hayakupanda juu, na Tabia alishukuru, kwa sababu ndani hakukuwa na pahala pa kuzungumza na mtoto bila ya kusikiwa. Alichukua ndoo kubwa ya buluu, mwanawe Amne akachukua kopo la rangi lililotiwa mkono wa waya, wakashuka ngazi za lile jumba la Michenzani kutoka ghorofa ya nne mpaka kwenye bomba la chini. Wakati wa kupanda, kwenye kona ambayo balbu yake iliungua zamani na kila jirani anamngoja mwenzake anunue nyengine, Tabia akaitua ndoo, akakamua ncha ya kanga iliyorowa.

"Kesho huko skuli," alisema kwa sauti ya chini, "wanakuja hao watu wa kutafuta watoto wenye vipawa."

"Maalim Abdulla katwambia!" Amne alidakia. "Wanachukua msichana mmoja na mvulana mmoja. Kila Jumamosi gari inakufuata, unakwenda Tunguu, chuo kikuu, unaingia maabara, unasoma hesabu za watu wakubwa. Na chakula wanakupa."

"Nnajua. Sasa nisikilize. Usimpite Nasima."

Amne alimtazama mama yake. Alikuwa mtoto wa miaka kumi, mdogo wa umbo, mwenye paji la uso pana na tabia ya kusimama mguu mmoja akiwa anafikiri. Akasimama mguu mmoja.

"Niseme uongo?"

"Sijakwambia useme uongo. Jibu kidogo."

"Kidogo ni kipi, mama?"

Tabia aliegemea ukuta, akafikiri, kisha akasema, "Wewe ndiye unayekaa naye mkisoma. Yale unayojua kuwa Nasima anayajua, yajibu. Yaliyozidi hapo yaache. Tumo nyumbani kwa watu, mwanangu. Shangazi yako hana mtoto mwengine ila yule. Akikuona umempita kwenye jambo kubwa kama hili, atakutazama kwa jicho. Na mtu asiyekuwa na kwake, akipigwa jicho atakwenda kusomewa na kuzinguliwa wapi?"

Nyumba ilikuwa ya Bi Wanu, dada mkubwa wa mume wake Tabia, mjane, mkaanga badia za kunde anayejulikana kuanzia Kisonge mpaka Kikwajuni. Mume mwenyewe, Abdulwahid, alikuwa mlinzi wa hoteli kule Nungwi, akirudi mwisho wa mwezi na mkoba wa nguo chafu. Nyumba waliyokuwa wamepanga Mwanakwerekwe ilipouzwa, Bi Wanu ndiye aliyesema, "Njooni, chumba kipo," na hakuwahi kuwataka kodi. Alikuwa na ulimi mkali, lakini sinia lilikuwa moja, na kipande cha samaki alikuwa akiwagawia watoto wote wawili sawa, kwa kidole.

Ila muhula uliopita Amne alipotoka wa kwanza na Nasima wa tisa, Bi Wanu alisema "Mashaallah," kisha akaingia jikoni akasugua masufuria, hata yale masafi, mpaka ikaadhiniwa Isha. Tabia alikuwa chumbani akisikia ule mkwaruzo. Tangu siku ile aliingiwa na khofu.

* * *

Kina mama walikaa kwenye kibaraza cha skuli, kila mmoja kakunja miguu na pochi mapajani, kama waliokuja kumposea mtu. Bi Wanu alivaa buibui lake la sikukuu. Nasima alikuwa na soksi mpya, nyeupe mpaka zinaumiza macho, na nywele zimesukwa na kubanwa kiasi cha kumpandisha nyusi.

Mtahini alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, jina lake Bi Nassra, aliyetoka Tunguu na sanduku la kadi za michoro na vipande vya mbao vyekundu na vyeupe. Aliwaita mmoja mmoja. Hakuwauliza mji mkuu wa nchi gani wala tarehe ya jambo gani. Aliweka michoro mezani iliyopangwa kwa mwendo fulani, akaacha pengo, na mtoto achague upi unafaa kujaza.

Amne alipoingia alisema, "Shikamoo, mwalimu," akaketi kwenye ncha ya kiti.

Kadi za mwanzo alizijibu. Ilipokuja ile ambayo alijua Nasima hataiweza, mkono wake ulikwenda wenyewe moja kwa moja kwenye mchoro ulio sawa, ukasimama juu yake kama nzi, kisha ukahama ukarudi mapajani. Bi Nassra aliuona. Akaweka nyengine ngumu zaidi. Mkono ukaondoka, ukafika, ukarudi.

"Unaogopa?"

"Siogopi, mwalimu."

"Hii unaijua?"

Mama yake alimkataza kujibu, lakini ruhusa ya kusema uongo hakumpa. Basi pakawa hapana jengine la kufanya ila kutazama vidole vyake. Bi Nassra alingoja muda mrefu, mpaka kengele ya mapumziko ikagongwa, kisha akaandika alichoweza kuandika. Jibu lisilotolewa huwezi kulitia alama.

Mchana Bi Nassra alitoka kibarazani na Maalim Abdulla, mwalimu wa darasa. Mvulana alishapatikana. Kwa wasichana, alisema, aliyeongoza mpaka sasa ni Nasima. Yeye atarudi Alhamisi kuwaona tena baadhi yao, na hapo ndipo atakapokata shauri.

Bi Wanu alijipiga kifua. "Nasima? Nasima wangu? Alhamdulillahi Rabbil-alamin!" Akampiga mwanawe busu la utosi, akambusu na Amne pia, akambusu na mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu ambaye hamjui.

Maalim Abdulla alimvuta Tabia pembeni. "Bi Tabia, sikufahamu. Huyu mtoto darasani ananisahihisha mimi. Leo kakaa kama gogo. Nyumbani kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, Maalim."

"Basi labda ni wa kukariri tu," alisema Maalim, kwa kumuonea imani na huruma, na imani ile ilimchoma Tabia kuliko tusi.

* * *

Jioni ile pale chini ya jumba karai lilikuwa na wateja wengi, na Bi Wanu alikuwa akitia badia ya ziada katika kila karatasi. "Ya furaha hiyo, kula! Mwanangu anakwenda chuo kikuu. Ndiyo, chuo kikuu, na meno ya utoto hajamaliza kung'oa!"

Tabia alikuwa akifunga karatasi, Amne akitia chatne ya nazi kwenye vijaluba. Bi Mjaka wa ghorofa ya pili, mwanamke ambaye hununua badia mbili na habari kumi, akasogea.

"Na wako, Tabia? Si wako darasa moja? Vipi wako?"

Bi Wanu alikuwa amegeuka anachochea jiko. Tabia alijilazimisha kucheka. "Aa, wangu mzito, bibi. Mungu hakumpa hayo."

"Basi kila mtu na fungu lake," alisema Bi Mjaka, akaondoka na lake.

Amne aliendelea kutia chatne, kijiko kwa kijiko, akifuta ukingo wa kila kijaluba kwa kidole kama alivyofunzwa. Siku ya pili, alasiri, alipokuwa anavaa ushungi wa kwenda chuoni kwa ustadh wake wa Kurani, akasimama mlangoni, mguu mmoja.

"Mama. Na kule chuoni niwe mzito?"

Tabia alikuwa na sindano mkononi, anatia kifungo. Alijichoma. "Hapana, mwanangu. Kule soma."

"Vyote?"

"Vyote."

"Na mwakani, Darasa la Sita?"

Tabia aliinamia kifungo. Mtoto akangoja kidogo, kwa adabu, kisha akavaa kandambili zake akaenda. Tabia alibaki ananyonya kidole chake, anasikia hatua zile ndogo zikishuka ngazi. Akajiambia kuwa kachagua vyema. Ndoo ikijaa kupita kiasi humwagika, nyumba ni nyumba, mtoto atasahau. Alijiambia mara nyingi.

* * *

Jumatano Bi Wanu alipanda juu kufuata kunde. Alizipembua asubuhi akaziacha kwenye ungo, tayari kurowekwa, na alipofika ukumbini akauona ungo mtupu. Alijaza kifua kwa ukelele. Lakini alipofika kwenye pazia la chumba cha Tabia akazisikia sauti za watoto, akaukwamisha ukelele kooni.

Kunde zilikuwa zimetandazwa mkekani, pamoja na dengu na punje za mahindi, kwa mistari. Amne alikuwa amepiga magoti anasogeza.

"Usitazame kunde, Nasima. Kunde zinakupumbaza. Tazama nafasi. Hapa imeruka moja, hapa mbili, hapa…?"

"Tatu!"

"Ndo hivyo. Sasa huo mstari wa chini unakwenda kinyume, kama mtu anayerudi."

"Ahaa." Nasima akasogeza punje moja. "Sasa Amne, mbona unazijua zote? Siku ile ulikuwaje?"

"Niliambiwa nisikupite."

"Nani kakwambia?"

"Mama. Kasema nikikupita shangazi atanitazama kwa jicho, na sisi hatuna kwetu."

"Mama yangu mimi?" Nasima alicheka. "Mama yangu macho yenyewe haoni, uzi hatii kwenye sindano!"

Bi Wanu alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka jikoni. Tabia alikuwa anakuna nazi. Bi Wanu alimsimamia mbele ya mbuzi, mikono imening'inia.

"Wifi," alisema mwisho, "mimi mchawi?"

Tabia alisimamisha kifuu mkononi.

"Nnakuuliza. Mimi mchawi? Mimi mwenye kijicho? Sinia moja tunakula, wifi! Mwanao akiumwa nani anakesha? Leo mtoto mdogo anazungumza humo ndani kuwa shangazi yake ana jicho, na mwenzake anacheka. Umeniweka wapi mimi? Kwa majirani niko wapi, ikiwa ndani ya nyumba yangu niko hapo?"

"Nisamehe, wifi."

"Sitaki nisamehe. Nataka unambie nimefanya nini."

Tabia aliinamisha kichwa. Angeweza kusema hakuna. Lakini machozi yalikuwa yamekwisha kumtangulia, na mtu akishalia, hana haja tena ya kupamba maneno. "Muhula ule Amne alipotoka wa kwanza ulisugua masufuria. Usiku kucha nilikaa macho. Nyumba yako, wifi. Ukiudhika na sisi tutakwenda wapi? Nungwi tukalale kwenye kibanda cha mlinzi? Mimi nilitaka ukae radhi tu. Nikaona bora mtoto apungue kidogo, kuliko sote tupungukiwe na wewe."

Bi Wanu alivuta kiti cha mbao akaketi. Mafuta ya asubuhi yalikuwa bado yamemganda kwenye viganja, akavisugua.

"Nilisugua," alisema. "Nisiseme uongo, nilisugua. Niliona uchungu. Mwanangu wa tisa, na mimi nampeleka tuisheni, na wako anasoma kwa kitabu cha kuazima. Nani asingeona uchungu? Lakini uchungu si kijicho, wifi. Uchungu wangu niliumaliza kwenye masufuria, sikuupeleka kwa mtoto. Ungeniuliza ningekwambia."

Bi Wanu aliondoka na jioni ile hakukaanga. Watu walikuja chini wakaliona jiko baridi, wakauliza kuna msiba wa nani. Baada ya magharibi alimwita Nasima chumbani kwake, wakakaa sana, na mtoto alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amekwisha kupongezwa na jumba zima. Hata muuza kahawa alimpa kashata. Si jambo jepesi kumrudishia mtu kashata uliyokwisha kula.

Tabia alipitisha usiku akifikiri wapi ataazima sanduku la kuhamia.

* * *

Asubuhi ya Alhamisi Bi Wanu alitoka chumbani na lile buibui la sikukuu.

"Mvishe mtoto," alimwambia Tabia. "Na wewe vaa. Kakague na masikio yake, asije akatutia aibu."

Bi Nassra aliwakuta wamesimama mlangoni mwa darasa, Amne katikati. Nasima alikuwa amebaki nyumbani kwa hiari yake mwenyewe.

"Bibi Mwalimu," alisema Bi Wanu, "sisi tumekuja kurudisha kitu. Nafasi hii si ya mwanangu. Ni ya huyu. Huyu siku ile hakujibu anavyojua."

"Karibuni mketi. Kurudia mtihani kuna kanuni zake, Bi Wanu. Mtoto anarudiwa ikiwa alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa."

"Wa nini?"

"Wa adabu," alisema Bi Wanu. "Katiwa na wakubwa wake. Mmoja huyu hapa, mmoja mimi."

Maalim Abdulla, aliyekuwa dirishani, aligeuka akajifanya anakohoa. Bi Nassra hakucheka. Alimtazama Tabia. "Ni kweli, mama?"

Tabia alihisi uso unawaka. Mbele ya mwalimu, mbele ya mtu wa chuo kikuu, mbele ya mwanawe, akaeleza: ngazi, ndoo, maneno aliyoyasema, na sababu. Hakumuacha mtu nje ila mumewe. Alipomaliza aliona ajabu kuwa paa halijaanguka.

Bi Nassra alitoa kadi. Akaweka ile ya siku ile, iliyosimamiwa na mkono ikaachwa. Amne akaitazama. Akamtazama mama yake.

"Jibu, mwanangu," alisema Tabia.

Mkono haukuondoka mapajani. Mtoto alikuwa amemgeukia Bi Wanu.

Bi Wanu alijikuna chini ya ushungi. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa yule mtoto. "Unangoja ruhusa yangu, enh? Haya. Jibu, Amne. Mpite Nasima, mpite Maalim Abdulla, mpite na huyu bibi mwenye kadi zake, ukitaka. Mimi shangazi yako ndiye ninayekwambia. Mashaallah, mashaallah, mashaallah. Basi, nshakukinga. Jibu."

Amne akajibu. Alijibu ile, na iliyofuata, na zile zilizokuwa chini kabisa ya sanduku ambazo Bi Nassra ilimbidi azifute vumbi kwa upindo wa mtandio. Kuna moja aliikosa, akaomba airudie, akaambiwa hairudiwi, akasikitika kama mtu aliyedhulumiwa. Alikuwa anatokwa jasho puani. Tabia hakuwahi kumuona mwanawe hivyo, na akajua kuwa kitu hiki chote kilikuwamo ndani ya chumba kile kidogo, usiku baada ya usiku, kimelala baina yake na ukuta.

Bi Nassra alizikusanya kadi taratibu. "Nafasi ni yake," alisema. "Sasa na mimi niwaambie langu. Jumatatu, kila mtoto nilimuuliza suali moja lisilokuwa na alama: ukikwama kwenye masomo, unamwendea nani? Darasa zima limemtaja huyu. Ndiyo maana nikasema nitarudi. Lakini nilijua hata nikirudi mara kumi hatonijibu, mpaka afunguliwe na aliyemfunga."

"Darasa zima?" aliuliza Bi Wanu.

"Zima. Na wa kwanza kuingia, wa kwanza kumtaja, ni Nasima. Hata sikumaliza suali."

Bi Wanu alitafuta leso ndani ya buibui, hakuiona, akajifuta machozi kwa ukaya wake. "Yule mtoto," alisema, "soksi zile nilimnunulia bure. Miguu yake misafi yenyewe."

* * *

Walirudi wakati adhuhuri imekwisha kusaliwa. Bi Wanu alibaki chini anawasha jiko, kwa sababu wateja walikuwa wameanza kupeleleza, na sauti yake ilikuwa ikipanda mpaka juu: "Mtoto wa ndugu yangu! Damu yangu, Bi Mjaka, unadhani akili zile zimetoka wapi?" Tabia aliisikia, moyo ukamruka kwa ule mtindo wa zamani, ukatulia. Watu walikuwa wakisema mashaallah. Yeye akasema alhamdulillah, kwanza kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

Nasima alikuwa jikoni peke yake, kaketi juu ya kibao, anamenya mbatata za katlesi. Hakuna aliyemwambia amenye.

"Kachukuliwa?" aliuliza bila ya kuinua uso.

"Kachukuliwa."

"Si nilijua." Ganda refu likaangukia bakulini. "Mimi nitakuwa namngoja gari ikirudi, anisomeshe waliyomsomesha. Nshamwambia."

Tabia alichutama mbele yake. "Nasima. Siku ile ya Jumatatu, bibi alipokuuliza ukikwama unamwendea nani, na wewe ulikuwa unaitaka ile nafasi, mbona ulimtaja Amne?"

Mtoto alishangaa. Alimtazama mkaza mjomba wake kama anavyotazamwa mtu mzima aliyeuliza jua linachomoza wapi.

"Ningemtaja nani, Ma Tabia? Si yeye ndiye nnayemwendea."

Tabia alimtoa kisu mkononi, akakiweka chini. Akaushika ule mkono mdogo, wenye maji na wanga wa mbatata, akauinamia, akaubusu mgongoni, kama unavyobusiwa mkono wa mkubwa.

"Ma Tabia!" Nasima alicheka, akauvuta kwa haya. "Mimi ndo wa kukubusu wewe!"

"Siku nyengine," alisema Tabia, na hakuuachia.